Ruzuku ya Utafiti Huanza na Ukurasa Mmoja: Mwongozo kwa Mhadhiri wa Chuo Kikuu

Mhadhiri akiletewa tangazo la ufadhili, mara nyingi hutazama kiasi cha fedha, hutazama tarehe ya mwisho, kisha hufungua faili jipya na kuanza kuandika usuli wa tatizo. Wiki sita baadaye ana kurasa ishirini na kitu, bajeti iliyotungwa usiku wa mwisho, na swali la utafiti lililopindwapindwa hadi likafanana na maneno ya tangazo. Nimesoma maombi ya namna hiyo nikiwa mwombaji mwenza na nikiwa mjumbe wa majopo ya wapitiaji, na kilichoniuma kila mara ni kwamba kazi iliyomo ndani yake ni kubwa na ya kweli, ila imepangwa kwa namna ambayo haiwezi kumsaidia mwenyewe. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: uandike ukurasa mmoja kabla hujawa na mfadhili yeyote, ukurasa huo ukuongoze kumpata mfadhili, kisha ombi lote lijengwe juu yake. Jipe angalau miezi sita kati ya ukurasa huo na siku ya kuwasilisha, na zaidi ya hapo ikiwa mradi una washirika katika nchi nyingine.

Hatua ya kwanza: andika ukurasa mmoja kabla ya kutafuta fedha

Ukurasa huu unajibu maswali manne kwa mfuatano: nini kinajulikana tayari, nini hakijulikani na kutojua huko kunamgharimu nani, wewe utafanya nini hasa ili kijulikane, na kikishajulikana, nani atabadilisha utendaji wake. Urefu wake una sababu. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huwataka waombaji waeleze malengo mahususi ya mradi katika ukurasa mmoja tu, na NSF, yaani Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyohiyo, hutaka muhtasari usiozidi ukurasa mmoja. Mpitiaji hupewa maombi kadhaa kwa pamoja juu ya kazi zake za kufundisha, na katika kikao cha jopo wapo wajumbe ambao hawakupangiwa ombi lako na ambao huenda wamesoma ukurasa huo peke yake. Hao nao hupiga kura.

Tuchukue mradi wa kubuni, pamoja na pengo lake la kubuni, kuhusu maji ya kunywa yanayohifadhiwa nyumbani. Rasimu ya kwanza ya aya ya ufunguzi huwa kama hivi:

"Maji ni uhai. Upatikanaji wa maji safi na salama umeendelea kuwa changamoto kubwa katika nchi nyingi duniani. Tafiti mbalimbali zimefanyika kuhusu suala hili, lakini bado kuna pengo. Utafiti huu unalenga kuchunguza mambo yanayoathiri ubora wa maji katika kaya."

Hakuna sentensi ya uongo hapo, na hakuna hata moja inayomfanya mpitiaji atake kuisoma inayofuata. Mwandishi ametaja pengo bila kulionyesha, na neno "kuchunguza" linaweza kumaanisha hojaji ya siku tatu au jaribio la miaka mitatu. Sasa linganisha na hii:

"Klorini inayotiwa kwenye maji ya bomba hupungua kadiri maji yanavyokaa katika chombo, na ikishuka mno maji hubaki bila kinga dhidi ya vijidudu vinavyoingia nyumbani. Upungufu huo umepimwa mara nyingi. Kisichojulikana ni sehemu gani yake hutokana na chombo chenyewe na sehemu gani hutokana na namna ya kuchota. Tutagawa kaya 400 kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likipewa ndoo yenye mfuniko na koki, jingine likiendelea na vyombo vyake, kisha tutapima klorini iliyobaki katika kila kaya mara 3 ndani ya miezi 6."

Aya ya pili ina idadi, ina ulinganisho na ina muda. Mpitiaji anaweza kuanza kubishana nayo papo hapo: je, kaya 400 zinatosha, na je, kundi la pili halitaazima ndoo kwa jirani? Maswali hayo ndiyo unayoyataka, kwa sababu yanakuonyesha ni mambo gani sehemu ya mbinu italazimika kuyajibu.

Malengo mahususi yawe mawili au matatu, na yapangwe ili kuanguka kwa moja kusiangushe mengine. Kosa la kulitegemeza lengo moja juu ya jingine huwapata hata watafiti wazoefu. Ikiwa lengo la kwanza ni kuonyesha kwamba ndoo inahifadhi klorini na lengo la pili ni kueleza kwa nini ndoo inaihifadhi, basi ndoo isipoleta tofauti yoyote lengo la pili halina tena la kufanya, na fedha za mwaka wa pili zimekosa kazi. Liandike lengo la pili upya liulize namna watu wanavyochota maji katika makundi yote mawili, nalo litakuwa na jibu lenye manufaa matokeo ya lengo la kwanza yawe yapi. Wapitiaji hulitazama jambo hili mapema sana.

Ukurasa ukikamilika, mpe mwenzako wa idara nyingine ausome kwa dakika tano, uuchukue tena, kisha umwombe akueleze mradi wako kwa maneno yake. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebisha. Rudia zoezi hilo kwa watu wawili au watatu kabla ya kusonga mbele, kwa maana hapa marekebisho yanakugharimu jioni moja, na baadaye yatakugharimu ombi zima.

Hatua ya pili: mtafute mfadhili anayefanana na ukurasa wako

Njia inayojulikana ni kufungua tovuti za matangazo: Grants.gov kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, tovuti ya fedha na zabuni ya Umoja wa Ulaya, na kurasa za mabaraza ya utafiti ya taifa lako. Tovuti hizo ni za lazima, lakini zina mamia ya matangazo na hukuvuta uanze kuupinda mradi. Mimi napendelea kwenda kinyumenyume. Chagua makala kumi za miaka ya karibuni zilizo jirani kabisa na swali lako, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya shukrani mwishoni, uandike nani alilipia kila moja na, ikiwa ipo, namba ya ruzuku. Kwa saa mbili utakuwa na orodha fupi ya wafadhili ambao tayari wameshaamua kwamba swali la aina yako linastahili fedha.

Kisha peleka majina hayo kwenye hifadhidata za miradi iliyokwisha kufadhiliwa, ambazo ziko wazi kwa mtu yeyote bila malipo. NIH ina RePORTER, Umoja wa Ulaya una CORDIS, na NSF ina ukurasa wake wa kutafuta ruzuku zilizotolewa. Humo utasoma ikisiri, muda wa mradi, taasisi iliyopokea na mara nyingi kiasi kilichotolewa. Soma ikisiri kumi au kumi na tano kwa utulivu. Utaona ni maneno gani mfadhili huyo huyatumia, ukubwa wa miradi anayoipenda, na kama mtu mwingine anafanya tayari kile ulichokusudia. Ukimkuta mtu huyo usivunjike moyo, kwani huenda ndiye mshirika unayemhitaji, na ni afadhali umfahamu sasa kuliko kumfahamu kupitia maoni ya mpitiaji.

Wafadhili hutofautiana katika kile hasa wanachokilipia, na hapa wahadhiri wengi hupoteza muda. Wellcome, mfuko wa hisani wa London ulioanzishwa mwaka 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, hufuata dhamira ya afya. IDRC, yaani Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, iliyoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1970, hufadhili utafiti unaohusu nchi zinazoendelea na unaofanywa pamoja na watafiti wa huko. TWAS, akademia ya sayansi iliyoanzishwa mwaka 1983 mjini Trieste, Italia, kwa juhudi za mwanafizikia Abdus Salam, ina programu kwa wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mfuko wa Alexander von Humboldt humlipia hasa mtafiti mwenyewe akakae na kufanya kazi Ujerumani. Kwa hiyo mtu anayehitaji darubini kwa ajili ya maabara yake akiomba nafasi ya utafiti huko atakuwa amebisha mlango usio wake, hata kama sayansi yake ni bora.

Masharti ya sifa za mwombaji yasomwe hadi nukta ya mwisho. Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2007, hupokea mtafiti wa uraia wowote, na wengi huishia kusoma hapo. Sentensi inayofuata husema kwamba taasisi itakayompokea lazima iwe katika nchi ya Umoja wa Ulaya au nchi iliyojiunga rasmi na programu yake ya utafiti. Wafadhili wengi pia huhesabu miaka tangu ulipopata shahada ya uzamivu, na vipindi hivyo hurekebishwa mara kwa mara, hivyo tumia hati ya mwaka huohuo unaoomba. Likizo ya uzazi, ugonjwa wa muda mrefu na majukumu ya malezi mara nyingi huongeza muda huo. Nawasihi hasa wahadhiri wanawake waliosimama kwa ajili ya watoto wasijiondoe wenyewe kabla ya kusoma kifungu hicho.

Ikiwa hujawahi kupata ruzuku yoyote, anza na mfuko mdogo wa chuo chako au wa chama cha wanataaluma wa fani yako. Fedha chache zitakazokuwezesha kupima maji katika kaya thelathini zinakupa takwimu za awali, na takwimu hizo hufanya kazi kubwa kuliko kurasa tano za ahadi. Mfadhili anayekudai ada ya kuwasilisha ombi, au anayekuandikia mwenyewe akisema umeshashinda, mwache.

Hatua ya tatu: soma tangazo kama unavyosoma mkataba

Lichape tangazo na mwongozo wake, ukae na kalamu mbili. Kwa rangi moja pigia mstari kila lililo lazima: idadi ya kurasa, ukubwa wa herufi, upana wa pambizo, viambatisho, aina ya wasifu, saini zinazohitajika. Kwa rangi ya pili pigia mstari kila kinachoeleza mfadhili anatamani nini. Rangi ya kwanza igeuze kuwa orodha ya kukaguliwa, kwa sababu makosa ya aina hiyo hayasamehewi. NSF, kwa mfano, hurudisha bila kulipitia ombi lisilofuata maelekezo yake, na kwa kawaida kikomo cha maelezo ya mradi ni kurasa 15.

Vigezo vya tathmini ndivyo vitakavyokuambia uzito uuweke wapi. NSF hupima mambo mawili, yaani thamani ya kitaaluma ya mradi na manufaa yake mapana kwa jamii. Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya miaka 2021 hadi 2027, kwa kawaida hupima matatu: ubora, athari na utekelezaji. Baraza la Utafiti la Ulaya, ingawa limo ndani ya programu hiyohiyo, hutumia kigezo kimoja tu, ubora wa kisayansi. Mradi wetu wa ndoo ukipelekwa kwa mfadhili wa aina ya pili utahitaji maelezo mazito kuhusu nani atatumia matokeo na kwa njia gani. Ukipelekwa kwa Baraza utalazimika kwanza kuthibitisha kwamba swali lenyewe linafungua jambo jipya katika sayansi, na pengine utagundua kwamba si mahali pake. Tumia vigezo vilevile kama vichwa vidogo vya andiko lako, kwa maneno yaleyale ya mfadhili, ili mpitiaji mwenye fomu mkononi asihangaike kutafuta jibu la kila kisanduku.

Kisha mwandikie ofisa wa programu ambaye jina lake limo katika tangazo. Wahadhiri wengi huona haya kufanya hivyo, wakidhani ni kuomba upendeleo, ilhali kujibu maswali ya waombaji ni sehemu ya kazi ya ofisa huyo. Barua iwe fupi: sentensi mbili za kujitambulisha, ule ukurasa mmoja kama kiambatisho, na maswali mawili au matatu ambayo hayajajibiwa katika tangazo. Kwa mradi wetu ningeuliza kama jaribio linalohusu vyombo vya kuhifadhia maji linaingia katika eneo la afya au la mazingira, na kama bajeti inaruhusu kununua vifaa vitakavyobaki kwa kaya baada ya utafiti. Ofisa akijibu kwamba mradi haumo katika vipaumbele vyao, mshukuru kwa dhati. Amekuokolea miezi minne.

Hatua ya nne: kiweke chuo chako tayari

Mara nyingi anayeomba ruzuku kisheria ni chuo, na wewe ni mtafiti mkuu tu. Nenda ofisi ya utafiti mara unapoamua kuomba, uulize mambo manne: nani anatia saini kwa niaba ya chuo na anahitaji siku ngapi, kama chuo kimesajiliwa katika mfumo wa mfadhili, kama mfadhili anaruhusu chuo kimoja maombi machache tu, maana hapo kutakuwa na mchujo wa ndani, na kiwango cha gharama za uendeshaji ambacho chuo hutoza. Usajili ndio unaochelewesha wengi. Taasisi inayoomba moja kwa moja fedha za serikali kuu ya Marekani huhitaji namba ya utambulisho iitwayo UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya DUNS mwezi Aprili 2022, na hupatikana kupitia SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali hiyo. Mchakato huo unaweza kuchukua wiki nyingi ikiwa jina la chuo kwenye hati moja halilingani na jina kwenye hati nyingine.

Wewe mwenyewe jisajili ORCID, ambayo hukupa namba ya kudumu ya tarakimu 16 inayotenganisha machapisho yako na ya watu wenye jina kama lako. Wasiliana pia mapema na kamati ya maadili. Wafadhili wengi hawadai kibali kabla ya uamuzi wao, lakini watadai kabla ya kutoa fedha, na kamati nyingine hukutana mara moja tu kwa mwezi.

Washirika wachaguliwe kwa kazi watakayoifanya. Kila mshirika awe na sentensi yake katika mpangokazi, saa zake katika bajeti, na makubaliano ya maandishi kuhusu nani atamiliki data na majina yatapangwaje katika makala. Inapendeza kuwa na profesa mashuhuri katika orodha, lakini ikiwa hana kazi mahususi wapitiaji watamwona kuwa ni pambo. Barua za kuunga mkono ziombwe wiki sita kabla, na umwandikie mtoa barua mambo matatu unayotaka ayataje, kwa mfano kwamba mamlaka yake ya maji itawapa orodha ya wateja. Barua inayosema tu kwamba mradi ni muhimu sana haiongezi kitu.

Hatua ya tano: andika, ukimfikiria msomaji wa aina mbili

Katika jopo atakuwepo mtu anayeijua fani yako kuliko wewe, na watakuwepo wengine kadhaa wasioijua. Kila sehemu ianze na sentensi ambayo hao wa pili wataielewa, kisha ishuke hadi kina kitakachomridhisha wa kwanza. Katika mbinu, taja sampuli imefikiwaje kwa hesabu, nani atapima, kwa kifaa gani, na uchambuzi utakuwa upi kwa kila lengo. Kisha andika waziwazi ni kitu gani kinaweza kwenda vibaya na utafanya nini. Waombaji hufikiri kwamba kutaja hatari kunawapunguzia alama, lakini mpitiaji ameshaiona hatari hiyo kabla hajafika ukurasa wa tatu, naye anatafuta kama na wewe umeiona. Kwa hiyo sema: baadhi ya kaya zitahama kabla ya kipimo cha tatu, ili kubaki na kaya 400 tutaandikisha 440, na tutalinganisha sifa za waliohama na za waliobaki.

Katika wasifu, fuata muundo wa mfadhili. Tangu Azimio la San Francisco lililotokana na mkutano wa mwaka 2012, wafadhili wengi wamekubali kutompima mtafiti kwa kipimo cha athari cha majarida aliyochapishia, na baadhi yao hutaka maelezo ya mchango wako kwa sentensi kamili. Mhadhiri aliyefundisha miaka kumi, akasimamia wanafunzi wa uzamili na kujenga hifadhidata inayotumiwa na wengine, sasa ana mahali pa kuyasema hayo.

Mpango wa usimamizi wa data usiachwe kwa siku ya mwisho. Eleza data zitahifadhiwa wapi, nani atazifikia, majina ya washiriki yataondolewaje, na zitawekwa hadharani lini. Kanuni za FAIR zilizochapishwa mwaka 2016 ndizo zinazotajwa sana: data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoana na nyingine na kutumika tena.

Kuhusu programu za akili unde zinazoandika maandishi, tafuta sera ya mfadhili wako kabla ya kuzigusa. NIH ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2025 haitapokea maombi ambayo sehemu kubwa imetungwa na programu hizo, na kwamba mtafiti mkuu hatawasilisha zaidi ya maombi 6 kwa mwaka.

Hatua ya sita: bajeti ni mbinu iliyoandikwa kwa tarakimu

Anza na shughuli, uje kwenye fedha mwishoni. Kaya 400 zikitembelewa mara 3 ni matembezi 1,200. Ikiwa mkusanyaji mmoja anaweza kufika kaya 8 kwa siku, hizo ni siku-kazi 150. Kwa wakusanyaji 5, kila mmoja ana siku 30, yaani siku 10 kwa kila mzunguko. Vipimo vya klorini ni 1,200, na ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya marudio ya uhakiki vinakuwa 1,320. Sasa ndipo uombe ankara kifani ya vitendanishi na ujue gharama. Ukiandikisha kaya 440 kama ulivyoahidi katika sehemu ya hatari, hesabu zote hizi zinapanda, na ni lazima zipande katika bajeti pia. Mpitiaji mzoefu hufungua bajeti na mbinu sambamba. Akikuta kaya 440 huku na vipimo vya kaya 250 kule, hatajua ni upande gani unaosema kweli.

Gharama za uendeshaji, ambazo chuo hutoza kwa ajili ya majengo, umeme na utawala, zina mtego wa hesabu. Tuseme ukomo wa ruzuku ni vizio 100 pamoja na gharama hizo, na kiwango chake ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, ambacho ndicho kiwango cha jumla cha Horizon Europe. Wengi hutoa 25 kutoka 100 na kubaki na 75. Hesabu sahihi ni 100 kugawanya kwa 1.25, yaani 80, kwa kuwa asilimia 25 ya 80 ni 20. Waliokosea wameziacha vizio vitano vya utafiti wao mezani.

Usipunguze bajeti ili kumpendeza mfadhili. Kiasi kisichotosha huwaonyesha wapitiaji kwamba hujawahi kufanya kazi hiyo, na ukipewa utaimaliza kwa madeni au kwa kupunguza sampuli. Weka muda wako mwenyewe, weka posho za wasaidizi, weka ada ya uchapishaji wa wazi ikiwa mfadhili anaruhusu, weka ukaguzi wa hesabu. Kwa kila mstari andika sentensi moja ya uhalali.

Hatua ya saba: wasomaji, kisha kuwasilisha

Mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, wape rasimu nzima watu wawili, mmoja wa fani yako na mmoja wa nje, pamoja na fomu ya vigezo vya mfadhili, nao watoe alama kama wapitiaji. Alama huwafanya marafiki waseme yale ambayo maoni ya heshima huyaficha. Wiki mbili kabla, acha kubadilisha sayansi. Kinachobaki ni lugha, takwimu na ulinganifu kati ya sehemu.

Saa ya mwisho iangalie mara mbili. Maombi ya Horizon Europe kwa kawaida hufungwa saa 11 jioni kwa saa za Brussels, yanayoandikwa 17:00 kwenye mfumo. NIH na NSF nazo hutumia saa 11 jioni, lakini kwa saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Aliyezoea aina moja akihamia nyingine anaweza kupishana na mlango kwa saa nzima au mbili. Wasilisha siku mbili kabla, upakue nakala ya kile mfumo ulichopokea, na uifungue ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu alama za hesabu na majedwali huweza kuharibika faili linapogeuzwa kuwa PDF.

Hatua ya nane: majibu yanapokuja

Maombi mengi hukataliwa, yakiwemo mazuri. Siku ya kwanza soma maoni mara moja na uyafunge. Baada ya wiki yafungue tena, uyagawe katika mafungu matatu: mpitiaji amegundua kosa la kweli, mpitiaji hakuelewa, mpitiaji ana mtazamo mwingine wa kitaaluma. Fungu la pili ndilo hukasirisha zaidi na ndilo lenye faida zaidi, maana mtu mwenye nia njema amesoma maneno yako na akaondoka na maana nyingine. Nilipokataliwa mara ya kwanza, mpitiaji aliandika kwamba mradi hauna kundi la ulinganisho. Kundi lilikuwepo, katika ukurasa wa tisa, ndani ya sentensi ya mistari minne. Nililipeleka ukurasa wa kwanza.

Angalia kanuni za kuomba tena. NIH huruhusu kuwasilisha upya ombi lilelile mara moja, ndani ya miezi 37, pamoja na utangulizi unaojibu maoni, na baada ya hapo wazo linaweza kuletwa kama ombi jipya. Wafadhili wengine huweka kipindi cha kusubiri. Katika utangulizi huo taja kila hoja kubwa, sema umebadilisha nini na katika ukurasa gani, na pale usipokubaliana toa sababu kwa utulivu ukiambatanisha ushahidi. Ikiwa mfadhili haruhusu kurudia, rudi kwenye orodha uliyoitengeneza kutoka sehemu za shukrani, umchague wa pili.

Ukipewa, usitangaze wala kuajiri kabla ya mkataba kutiwa saini na pande zote. Soma kifungu cha kuhamisha fedha kati ya mafungu, kifungu cha umiliki wa data na kifungu cha vifaa baada ya mradi kwisha, ukiwa na mwanasheria wa chuo. Omba namba ya akaunti ya mradi, ukutane na mhasibu atakayeusimamia, mpitie pamoja bajeti mstari kwa mstari, na tarehe za ripoti zote, za kitaaluma na za fedha, ziingie katika kalenda zenu wote wawili siku hiyohiyo.